Kiangazi cha Lenox: riwaya na bustani ya Edith Wharton, 1903 hadi 1911

Mapema Juni 1903 mwandishi wa riwaya wa Marekani Edith Wharton alirudi nyumbani kwake Lenox, kwenye vilima vya Berkshire magharibi mwa Massachusetts, akakuta ukame umemtangulia. Nyasi za uwanjani zimekauka, maua na mboga vimedumaa, na angani hakuna dalili ya mvua. Mtunza bustani ambaye yeye na mumewe walimtegemea alikuwa amewaangusha: fedha nyingi zilikuwa zimemiminwa pale majira yote ya baridi, matokeo hayakuonekana, ikabidi atafutwe mtu mwingine. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Sara Norton siku zile mna sentensi moja ninayoirudia mara kwa mara. Anasema anajaribu kujiliwaza kwa kuandika habari za bustani za Italia badala ya kuitazama ya kwake.

Yeyote anayeandika kitu kirefu huku akipanda chochote nyuma ya nyumba ataitambua hali hiyo. Kitanda cha mboga kikinyauka unakimbilia daftari. Sura ikigoma unakimbilia jembe. Kila kimoja ni kimbilio la mwenzake, na unaweza kutokea mlango huo wa nyuma siku yoyote ile, ukarudi jioni na udongo kwenye kucha na ukurasa mtupu mezani, ukijiambia kwamba umefanya kazi. Na kweli umefanya. Hapo ndipo ugumu ulipo. Uvivu mtu anaweza kuukemea, lakini utaukemea vipi mchicha uliopaliliwa vizuri?

Nimekichagua kisa cha Wharton kwa sababu alishindwa kwanza, akakiri kwa maandishi kwamba alishindwa, kisha katika nyumba ile ile na bustani ile ile akaandika riwaya iliyobadilisha maisha yake. Kilichobadilika katikati kinaweza kuonyeshwa kwa tarehe, na hilo si jambo la kawaida katika habari za waandishi na kazi zao.

Miezi minne tu

Kwanza lazima niseme kitu juu ya neno kiangazi, maana linaweza kutupoteza. Kwetu kiangazi ni jua na ukavu. Ni wakati ambapo udongo unapasuka, mboga za majani zinapanda bei sokoni, na mwenye bustani anahesabu ndoo. Mambo yanayotaka udongo uliolowa yanangoja masika au vuli. Lenox ni kinyume. Huko ardhi hufungwa na theluji na baridi miezi mingi ya mwaka, na kiangazi ndicho kipindi ambacho udongo uko wazi. Jalidi, ule umande unaoganda usiku na kuunguza miche, huweza kupiga hadi ndani ya mwezi wa Mei, nayo hurudi mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba. Kati ya hizo mbili mtu ana miezi minne, akibahatika mitano.

Mkulima wa Kilimanjaro akikosa masika anaitazamia vuli. Mtu wa Lenox akiikosa Juni amekosa mwaka mzima. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mwandishi aliyeacha kalamu akaenda bustanini mwezi wa Juni huko Berkshire, tusimhukumu haraka. Riwaya inaweza kungoja hadi Januari. Ua la petunia haliwezi.

Nyumba na mwenye nyumba

Wharton alizaliwa New York mwaka 1862 katika ukoo wenye mali. Mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya mapambo ya nyumba, alichoandika pamoja na msanifu majengo Ogden Codman. Mwaka 1901 alinunua ekari 113 huko Lenox, juu ya ziwa dogo, akajenga nyumba aliyoiita The Mount, kwa kufuata mfano wa jumba la Belton la Uingereza la karne ya 17. Alihamia Septemba 1902. Mwaka huo huo ilitoka riwaya yake ndefu ya kwanza, habari za Italia ya karne ya 18.

Mpwa wake Beatrix Jones alichora barabara ndefu ya kuingilia, yenye safu za miti ya mepo, pamoja na bustani ya mboga. Huyu hakuwa ndugu aliyeombwa msaada kwa sababu yupo karibu. Mwaka 1899 alikuwa mwanamke pekee kati ya watu 11 walioanzisha chama cha wasanifu wa mandhari cha Marekani. Bustani zilizo karibu na nyumba Wharton alizipanga mwenyewe: baraza kubwa yenye ngazi za kushukia, njia iliyopandwa miti ya lindeni, mwisho mmoja wa njia hiyo bustani iliyozungushiwa ukuta kwa mtindo wa Kiitalia, mwisho wa pili bustani ya maua yenye bwawa na chemchemi. Hazikutengenezwa kwa mwaka mmoja. Zilimchukua karibu kila kiangazi alichokaa pale.

Barua zake kwa Sara Norton zinaonyesha mtu anayezifahamu hizo bustani kwa macho na kwa majina. Anataja aina kumi za floksi zilizochanua kwa pamoja, petunia nyeupe zilizounda duara kamili kuzunguka bwawa, delfiniamu za buluu kali. Anaandika kama mtu anayepita kitanda kwa kitanda kila siku, na anajua jana kulikuwa na nini.

Miezi iliyopotea

Sasa tufike kwenye kushindwa kwenyewe.

Miaka ya 1903 na 1904 Wharton alikuwa na riwaya kichwani. Alijua itahusu nini: jamii ya matajiri wa New York, ile aliyokulia, na msichana mrembo asiye na mali anayejaribu kuishi ndani yake. Alichokuwa hajakipata ni mwaka wa kuikalia. Mwanzoni mwa 1903 alikuwa Italia, ametumwa na jarida la Century kuandika makala juu ya majumba na bustani za huko. Kiangazi hicho akazikamilisha makala, na mwaka 1904 zikatoka kama kitabu, pamoja na picha za Maxfield Parrish. Ni kazi nzuri sana. Lakini ukiitazama kwa jicho la mtu anayesubiri riwaya, bustani ilikuwa imekula mara mbili: mara moja kwa jembe, mara ya pili kwa kalamu.

Alipoandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1934, hakulificha hilo. Anasema kwamba maisha yenye shughuli na ukarimu, yaliyojaa marafiki, safari, kusoma na kutunza bustani, yaliiacha miezi ikapita bila yeye kuishughulikia mada yake hasa. Bustani ameitaja kwa jina, katika orodha ya vitu vilivyomchelewesha, na aliyeitaja ni mtu aliyeipenda bustani pengine kuliko chochote kingine alichokimiliki. Namheshimu sana kwa sentensi hiyo. Wengi wetu tungesema kwamba bustani ilikuwa ikitupa msukumo.

Kisha, mwaka 1904, mhariri wa jarida la Scribner's, Edward Burlingame, akamletea shida yake. Riwaya ya mwandishi mwingine iliyopangwa kutoka kwa mfululizo isingekuwa tayari kwa wakati. Je, ya kwake ingeweza kuanza kutoka badala yake? Maana ya swali hilo ni kwamba sura za mwanzo zingechapishwa mara moja, na zilizobaki zingepaswa kukamilika ndani ya miezi minne au mitano, mwezi kwa mwezi, wasomaji wakiwa wanafuatilia. Wharton alikubali. Sehemu ya kwanza ya The House of Mirth ilitoka Januari 1905. Aliimaliza mwezi Machi, jarida likiwa tayari limeshachapisha sura za mwanzo. Oktoba ikatoka kama kitabu, na kufikia mwisho wa mwaka nakala 140,000 hivi zilikuwa zimechapishwa.

Ziweke tarehe hizo juu ya kalenda ya bustani, utaona kitu. Kazi nzito ilianza Septemba 1904, wakati jalidi ya kwanza iko mlangoni, ikaendelea hadi Machi, udongo wa Berkshire ungali umefungwa. Riwaya iliandikwa katika miezi ambayo bustani ingelala hata angekuwa hana la kuandika. Sidhani kwamba Burlingame aliliwazia hilo, alikuwa na kurasa za kujaza. Lakini naamini kwamba ombi lile lile lingefika Mei, wakati miche inatoka kitaluni, kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine.

Kitanda kama kufuli

Watu wanaposimulia habari za Wharton hupenda kusema kwamba aliandika akiwa kitandani. Mara nyingi husemwa kama kioja cha tajiri. Mimi naiona ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika mpango wake.

Ilikuwa hivi. Akiamka hakuvaa. Alibaki kitandani, ubao magotini, kidau cha wino karibu, mbwa wake wadogo pembeni. Akimaliza ukurasa aliuangusha sakafuni. Baadaye kurasa ziliokotwa na katibu wake, Anna Bahlmann, ambaye zamani alikuwa mwalimu wake, zikapigwa taipu. Wageni waliolala pale hawakumwona hadi asubuhi ilipokwenda sana. Kisha alishuka akiwa amevaa, akawa mwenyeji: kutembea bustanini, chakula cha mchana, safari za motokaa alasiri. Oktoba 1904 mwandishi mwenzake Henry James alifika kukaa, na alikuwa mtu wa mazungumzo marefu na mzigo mkubwa kwa mwenyeji yeyote. Huo ulikuwa mwezi wa pili wa kazi ya mfululizo. Riwaya haikusimama.

Chumba chake cha kulala kinatazama upande wa bustani na ziwa. Maana yake, asubuhi aliiona, au angeweza kuiona kwa kuinua kichwa tu. Asichoweza ni kuishukia. Mwanamke wa tabaka lake, mwaka 1904, hakutoka nje na vazi la kulalia kwenda kumwuliza mtunza bustani kwa nini floksi zimeinamisha vichwa. Alivyoamua kutovaa, alijifungia. Huo ni usomaji wangu mimi, lakini mtu akiwahi kujaribu kuandika asubuhi akiwa amevaa viatu vya shambani, najua atanielewa. Ukishavaa viatu umeshakwenda.

Na jambo jingine: hakugawa siku nusu kwa nusu. Bustani ilipata saa nyingi kuliko riwaya, kwa hesabu yoyote utakayopiga. Riwaya ilipata saa chache lakini za kwanza, zenye kichwa kilicholala na hakijajibu swali la mtu. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba kulikuwa na faida kubwa katika kugeuzwa kutoka mwandishi anayeelea hadi mwandishi wa kazi, lakini kwamba faida hiyo ilikuwa ndogo ukiilinganisha na kile ambacho juhudi ya kila siku, kwa utaratibu, ilikifanya kwenye ubunifu wake. Na utaratibu huo haukumwacha baada ya mfululizo kwisha. Viangazi vilivyofuata, pamoja na Juni zote zile, asubuhi ilibaki ya kalamu.

Pingamizi la mikono

Najua kinachosubiriwa kusemwa, nami nitakisema bila kukizunguka. Alikuwa na watumishi ndani na nje. Hakuchimba mashimo ya miti ya lindeni. Hakubeba samadi. Alipokuwa kitandani na ubao wake, kulikuwa na mtu mgongo umemuuma kwa ajili ya zile petunia nyeupe. Bustani ambayo baadaye angeiita kazi yake mwenyewe, kila mstari, ilikuwa kazi yake kwa maana ya mpango, rangi na uamuzi. Kwa maana ya jasho ilikuwa ya watu ambao majina yao wasomaji wengi wa riwaya zake hawayajui. Uchambuzi usiolisema hilo ni wa uongo.

Je, linakifuta kisa? Nililiwaza sana, kwa sababu mimi sina mtu wa kunibebea samadi. Naishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika kihamba nilichorithi: migomba, kahawa kidogo, maparachichi, na karibu na jiko vitanda vinne vya mboga, mchicha, mnavu, sukuma wiki na nyanya. Tunamwagilia kwa zamu, maji ya mfereji. Zamu yangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mara mbili kwa wiki. Januari na Februari, jua likiwa kali, huwezi kuiacha zamu ikupite. Na ukishatoka kufungulia maji hurudi baada ya nusu saa. Unaona gugu, unaliinamia, unaona funza kwenye nyanya, saa nne imefika. Miaka miwili muswada wangu ulisimama kwenye sura ya saba, na miaka yote hiyo miwili nilikuwa nikisema tatizo ni sura ya saba.

Nilipomsoma Wharton, kilichonigusa hakikuwa watumishi. Kilikuwa mpangilio: kipi kinatangulia. Nilikwenda kwa bibi jirani, ambaye zamu yake ilikuwa jioni, nikamwomba tubadilishane.

"Asubuhi una kazi gani, mwanangu?" akauliza.

"Naandika, bibi."

Akafikiri kidogo. "Basi andika. Mimi jioni miguu inaniuma, afadhali nimwagilie na baridi."

Hivyo ndivyo nilivyoipata asubuhi, kwa mazungumzo ya dakika mbili ambayo nilikuwa nimeyaahirisha miaka miwili. Sisemi kwamba kila mtu ana jirani wa kubadilishana naye. Kuna mama anayeamka saa kumi kuandaa watoto, kuna mtu wa zamu ya usiku ambaye asubuhi ndiyo usiku wake. Kwao saa ya kwanza yenye kichwa kizima itakuwa nyingine. Ninachosema ni kwamba kwa Wharton fedha zilinunua mikono, ila hazikununua asubuhi. Fedha alikuwa nazo miaka yote hiyo, na miezi ikapita vilevile.

Kuondoa matumba

Hadi hapa nimeieleza bustani kama mshindani. Kuna upande wa pili, na huo ndio unaonifanya nisikubali wanaosema kwamba mwandishi makini auze jembe lake.

Katika kitabu chake juu ya bustani za Italia, Wharton anaanza kwa kueleza kwamba bustani ya Kiitalia haipo kwa ajili ya maua yake, bali maua yake yapo kwa ajili yake. Uzuri wake, anasema, unakaa kwenye mawe, maji na majani yasiyopukutika, vitu ambavyo msimu hauvigusi. Maua ni nyongeza inayokuja na kupita. Alijifunza hayo akitembea kwenye bustani za karne za nyuma, akayaleta Lenox, akaanza na ukuta, ngazi na njia kabla ya rangi. Hivyo ndivyo anavyojenga mwandishi wa riwaya aliyekomaa: kwanza njia, nani anatoka wapi anakwenda wapi, kisha mandhari nzuri zipandwe kando yake. Riwaya yake ya Italia ya 1902 ina maua mengi na njia chache, na msomaji anahisi. Ile ya 1905 ina njia moja inayoshuka, ngazi baada ya ngazi, na kila karamu imekaa pembeni ya njia hiyo.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko huo. Msichana wa riwaya hiyo anaitwa Lily, jina la ua. Ndani ya kitabu kuna mahali ambapo Wharton anamfananisha na ua adimu lililokuzwa kwa ajili ya maonyesho, ua ambalo matumba yake yote yameondolewa isipokuwa lile la juu, la uzuri wake.

Msomaji asiyelima ataona tashbihi nzuri akapita. Anayelima atasimama. Kuondoa matumba ni kazi halisi. Mkuzaji wa maua ya mashindano hulitafuta tawi, akabana kwa kucha kila tumba la pembeni lingali dogo, ili chakula chote cha mmea kiende kwenye ua moja la juu, likue kubwa kupita kiasi chake. Ua hilo hupata zawadi. Ila mmea umebaki na kitu kimoja tu. Likinyauka hakuna tumba la pili linalosubiri chini yake. Wanaopanda nyanya wanajua kazi iliyo jamaa na hiyo, kung'oa vichipukizi vya kwapani ili shina moja liende juu. Tofauti ni kwamba nyanya tunaibania ili izae, na Lily amebaniwa ili atazamwe.

Maisha yote ya msichana huyo yamo humo. Alilelewa kwa uzuri peke yake, kila uwezo mwingine umebanwa mapema, na anapoanguka kutoka kwenye jamii yake anafika kwenye karakana ya kutengeneza kofia akakuta mikono yake haiwezi kushona. Sina njia ya kuthibitisha kwamba tashbihi hiyo ilitoka kwenye kitanda fulani cha maua huko Lenox, na silazimishi. Lakini ni tashbihi ya mtu anayejua tumba linaondolewaje na kwa nini. Ile miezi ya kiangazi iliyoorodheshwa kama hasara katika kumbukumbu zake ilikuwa imeacha kitu mkononi mwake. Kilikaa kimya, hadi mhariri alipombana naye.

Ndiyo maana siwezi kuwafuata wale wanaohubiri kwamba bustani "inalisha" uandishi na kuishia hapo. Inalisha, kweli. Lakini chakula kilichokaa ghalani hakijapikwa. Bila Septemba 1904 na mtu anayesubiri kurasa, tumba lile lingebaki kuwa tumba.

Hukumu yake mwenyewe

Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha mwisho. Ndoa ilikuwa inavunjika. Mumewe alikuwa mgonjwa wa akili kwa miaka, na nyumba yenyewe ilikuwa imekuwa mzigo na ugomvi. Mwezi wa Julai, akiwa The Mount, Wharton alimwandikia Morton Fullerton, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mpenzi wake, kwamba hakika yeye ni mpangaji bora wa mandhari ya bustani kuliko alivyo mwandishi wa riwaya, na kwamba mahali pale, ambapo kila mstari ni kazi yake mwenyewe, panaizidi kwa mbali The House of Mirth.

Wapo wanaoichukua kauli hiyo kama unyenyekevu wa mwandishi. Mimi naiamini kama ilivyo. Aliiandika akiiaga bustani, na mtu anayeaga hapimi maneno kwa ajili ya adabu. Nadhani pia alikuwa anasema kitu cha kweli juu ya kazi hizo mbili. Bustani aliweza kuirekebisha kila mwaka. Ukikosea rangi mwaka huu, unapanda nyingine mwakani, na kwa miaka tisa alikuwa ameisahihisha hadi ikafanana na alichokiona kichwani. Riwaya ikishatoka imetoka.

Mwezi uliofuata, Agosti 1911, jarida la Scribner's likaanza kuchapisha hadithi yake ya Ethan Frome. Ni hadithi ya Massachusetts ya vijijini, ya theluji na umaskini, vilima vile vile vya kuzunguka Lenox katika majira ambayo bustani yake ilikuwa imefunikwa. Aliiandika Paris. Septemba akapanda meli kwenda Ulaya, nyumba ikauzwa, na mwaka 1913 ndoa ikafikia talaka. Huko Ufaransa alitengeneza bustani nyingine mbili, moja karibu na Paris na nyingine kusini, Hyères, na hiyo ya kusini iliunguzwa vibaya na baridi ya mwanzoni mwa 1929.

Ila kabla ya bustani hizo kulikuwa na miaka ya vita, alipokuwa Paris bila ardhi ya kupanda, amezama katika kazi ya kuwasaidia wakimbizi. Mwaka 1916, katikati ya shughuli hizo, aliandika riwaya fupi nyingine ya Berkshire, ikatoka mwaka uliofuata. Aliiita Summer, yaani kiangazi. Ukurasa wa kwanza msichana anatoka nje ya nyumba iliyo mwisho wa mtaa pekee wa kijiji, anasimama mlangoni, na Wharton anatuambia saa: ni mwanzo wa alasiri, mwezi wa Juni.